Mafuta ya Bastola ya Mama Vifungo

Mtu akinunua cherehani mpya huita majirani waje kuiona. Akinunua redio huipandisha sauti mtaa mzima ujue. Mama Vifungo aliponunua bastola aliizungushia kitambaa cha sare za shule, akaitia kwenye boksi la chuma, akalipiga kufuli, akalisukuma chini ya meza ya kukatia nguo. Kisha akakaa mbali nalo, kama mtu aliyefuga nyoka na sasa hajui atamlisha nini.

Alikuwa mwanamke wa makamo, futi ya kupimia haimtoki shingoni, pini zimejipanga kwenye ukosi wa gauni. Jina la Vifungo alipewa na mtaa kwa sababu hajapata kutupa kifungo hata kimoja. Shati likichakaa likawa tambara la kufutia sakafu, vifungo vyake vilibaki. "Nguo hufa, vifungo hurithiwa," alikuwa akisema, na makopo yake yalijaa urithi huo mpaka mifuniko ikagoma kufunga.

Ushonaji alifundishwa na mumewe, kabla hajawa mumewe. Alikuja kwake akiwa msichana asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Siku ya kwanza aliambiwa asafishe cherehani. Akaichomoa bobini, akaona uzi wa chini umetoka, akaamini mashine imekufa. Akaweka kidole chini ya sindano ili afute vumbi, na mguu ukakanyaga pedali. Sindano ikashuka ikatokea upande wa pili wa kidole. Yule kijana fundi alimfunga jeraha huku akimkaripia: "Bobini ukiitoa, sindano bado inatoboa! Weka hilo kichwani." Kovu lilibaki kidoleni, uchumba ukaanzia hapo hapo, na tangu siku hiyo yeye humwita mumewe Fundi, na mumewe humwita mwanafunzi wangu, hata baada ya mwanafunzi kumpita mwalimu kwa mbali.

Alimpita kwa sababu Fundi alipofuka. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, leo rangi ya uzi, kesho mstari wa chaki, mpaka ikafika siku akauliza kama taa imezimwa, na ilikuwa adhuhuri. Hakukubali kukaa bure. Alijitengea kiti chake upande wa pili wa meza ya kukatia, akachukua sinia na makopo, akaanza kuchambua vifungo kwa vidole: vya matundu mawili huku, vya matundu manne kule, vile vyenye kikonyo nyuma pembeni. Hakuwa akikosea. Wateja walisimama kumtazama, naye akijua wanamtazama aliongeza mbwembwe.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka jioni ile ya wezi.

Mama Vifungo alikuwa amepeleka sare shuleni. Aliporudi alikuta mlango wazi, cherehani mbili hazipo, majora ya vitambaa yameburutwa mpaka nje, na Fundi amefungwa kwenye kiti chake kwa mpira wa kiunoni, ule ule unaotiwa kwenye sketi za watoto. Midomo ilikuwa imevimba. Alipomfungua, Fundi alijaribu mzaha: "Fundo lao lilikuwa baya, mke wangu. Hata wewe siku ya kwanza ulifunga vizuri zaidi." Lakini usiku kucha mwili wa mzee yule ulitetemeka, na kila mlango ulipogongwa na upepo alimshika mkewe mkono kwa nguvu. Mama Vifungo hakuwa amewahi kumwona mumewe akiogopa. Akaapa hataona tena.

"Nataka kuomba kibali cha bastola," alimwambia asubuhi.

Fundi aliugusa mdomo wake uliovimba. "Nyumba hii ina kipofu mmoja tayari," alisema. "Hicho chuma nacho hakioni. Hakijui mwizi nani, mume nani."

"Mimi nina macho, Fundi."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kibali kilipatikana baada ya maswali mengi na safari nyingi. Mwalimu wa shabaha alimfundisha kuishika, kuijaza na kuifungua. Alimwonyesha kwamba aina ile, ili kitoke chuma cha juu kinachoteleza, lazima kwanza ubonyeze kifyatulio. Mama Vifungo aliitikia yote, lakini kila mlio ulipolia kiwanjani alifumba macho. Mwalimu alimwambia macho yafumbuke. Alifumbua, akalenga, akapiga, na kabla risasi haijatoka yakawa yamejifumba tena yenyewe.

Sasa kuna jambo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe hakulijua. Jioni moja, bastola ikiwa bado mpya, kitu kilikimbia juu ya bati. Mama Vifungo alifungua boksi, akavuta kile chuma cha juu kama alivyofundishwa, risasi ikapanda ikaingia mtutuni, akasimama nyuma ya mlango roho mkononi. Paka akalia juu ya paa. Mama Vifungo akacheka kwa aibu, akachomoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akaona kimetoka, akaona mambo yamekwisha. Kwake magazini ilikuwa bobini. Bobini imetoka, mashine itashona nini? Aliirudisha bastola boksini na magazini yake pembeni, akaenda kupika.

Ukiwa unajua bastola, hapo umeshashika kichwa. Yeye hakushika kitu. Ile risasi moja ilibaki imekaa ndani ya mtutu, kimya, chini ya meza ambayo mumewe alichambulia vifungo kila siku.

Alichokiogopa yeye kilikuwa kitu kingine. Siku alipofungua boksi kuikagua alikuta madoa ya kahawia kwenye chuma, na alipotazama vizuri akaona ni alama za vidole vyake mwenyewe. Jasho la woga lilikuwa limegeuka kutu. Alimwita jirani yao, askari mstaafu ambaye mtaa wote ulimwita Afande, akamwonyesha kwa mbali, kitambaa kikiwa nusu wazi.

Afande alitikisa kichwa. "Hii isiposafishwa, shemeji, siku ya siku itakwama. Mwizi yuko mlangoni, wewe unabonyeza, chuma kimegoma. Utamrushia kama jiwe?"

Maneno hayo yalimwingia kama msumari. Tangu hapo kila alipolala aliona picha ile ile: Fundi kwenye kiti, mpira wa sketi shingoni safari hii, na yeye amesimama na chuma kilichogoma mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Vifungo alishtuka hata kufuli la boksi lilipolia. Akaamua kwenda kununua vifaa vya kusafishia.

Duka lilikuwa ghorofani, mlango wa nondo, kengele ya kubonyeza. Alipita mbele yake mara kadhaa akijifanya anatafuta anwani nyingine, maana alihisi kila mpita njia anajua anakokwenda. Mwishowe akabonyeza. Ndani alikuta mama mmoja mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, nyuma yake ukuta mzima wa chupa na brashi na fimbo.

"Karibu, mama. Silaha umekuja nayo?"

"Hapana! Nimeiacha nyumbani."

"Vizuri. Risasi yake milimita ngapi?"

Mama Vifungo alitoa kibali kwenye pochi, akakishika kwa ncha za vidole. Muuza duka alivaa miwani, akasoma, akachagua brashi ndogo ya shaba akaiweka juu ya kaunta. "Hii ndiyo saizi yako. Ukichukua kubwa itakwama, ukichukua ndogo itapita bila kusugua. Ni kama kofia na kichwa."

"Na hii ya chuma? Inaonekana ngumu zaidi."

"Ngumu mno. Itakukwaruzia mtutu kwa ndani. Shaba ni laini kuliko chuma, itaumia yenyewe kabla ya kukuumizia bastola. Fimbo nayo chukua ya shaba. Unaingizia nyuma, unatokea mbele, uchafu usirudi ndani."

Mama Vifungo akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo kwa fahari. "Mafuta ninayo. Ya cherehani. Safi kabisa, nguo nyeupe hayatii doa."

Yule mama aliyanusa, akayasugua kati ya vidole. "Si sumu. Lakini ni mepesi, yatakimbia, na kutu itarudi kabla hujageuka. Chukua haya ya silaha. Tena matone tu, usiikaangie. Na hii chupa nyingine ni dawa ya kulainisha masizi ya baruti. Hii kwanza, mafuta mwisho. Fungua dirisha unapoitumia, harufu yake inapanda kichwani."

Kisha akaweka juu ya kaunta kipakiti cha vitambaa vidogo vya mraba.

Hapo hofu ilimtoka Mama Vifungo kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Vitambaa? Unaniuzia mimi vitambaa? Mama, nyumbani kwangu nalalia vitambaa!"

"Pamba tupu?"

"Pamba, fanela, chochote utakachotaka."

"Isiyotoa nyuzi?"

"Unaniuliza mimi kuhusu nyuzi!"

Walicheka wote wawili, na kipakiti kikarudi rafuni. Tatizo ni kwamba kuanzia hapo akili ya Mama Vifungo ilikwenda kwenye mapande ya fanela aliyoyahifadhi nyuma ya mlango, akiyakata kichwani yawe miraba midogo. Muuza duka aliendelea kusema, na sauti yake ilibadilika ikawa nzito.

"Sasa nisikilize. Kabla ya dawa, kabla ya brashi, kabla ya yote: unachomoa magazini."

"Ehee. Kama bobini."

"Bobini siijui mimi. Unachomoa magazini, unaipeleka chumba kingine. Halafu unavuta chuma cha juu mpaka mwisho. Unatazama ndani kwa macho, unaingiza kidole. Mara nyingine hubaki moja. Umenisikia? Unavuta."

"Navuta," aliitikia Mama Vifungo, lile itikio la mtu ambaye yuko nyumbani anakata fanela.

"Ukirudi hapa nitakuuliza kama ulivuta."

Alirudi nyumbani amekumbatia mfuko kama kitu cha wizi. Asubuhi ya siku ya mapumziko, karakana ikiwa imefungwa, alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya kukatia, akapanga juu yake fimbo, brashi, chupa mbili, na miraba ya fanela aliyoikata kwa usawa hata fundi wa saa angemwonea wivu. Kisha akamshika mumewe mkono.

"Fundi, nenda ukae barazani. Nikimaliza nitakuita."

"Na vifungo vyangu?"

"Viache. Havitakimbia."

Fundi aliinuka akinung'unika, akapapasa ukuta mpaka nje, sinia lake likabaki mezani limejaa. Mama Vifungo alifungua dirisha. Akatoa boksi. Akafungua kufuli. Alipoishika bastola, jasho jembamba lilimtoka papo hapo viganjani, akalifuta kwenye gauni, likarudi. Magazini ilikuwa pembeni tangu siku ya paka. Hata hivyo aliipeleka chumba cha kulala, akaiweka chini ya mto, akarudi akijisifu moyoni kwa utiifu wake.

Mvua ilianza aliporudi mezani. Haikudondoka, ilimwagika. Bati lilipiga kelele mpaka hakuweza kusikia hata pumzi yake. Aliitazama bastola na kujiambia sasa ibonyezwe, chuma cha juu kitoke, kazi ianze. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, kuelekea ukuta wenye majora ya vitambaa, kidole kikakaa kwenye kifyatulio.

Ndipo akamkumbuka yule mama wa miwani. Nitakuuliza kama ulivuta.

Hakuona sababu ya kuvuta. Magazini ilikuwa chini ya mto. Lakini Mama Vifungo hakuwa na ulimi wa uongo, hata kwa watu wasio jamaa zake, na alijua siku mafuta yakiisha lazima arudi dukani, aulizwe, na aone haya. Kwa ajili ya haya hiyo tu, si kwa hekima yoyote, alifumba macho kwa nguvu, akakishika kile chuma, akakivuta kwa ghadhabu mpaka kikagota. Hakutazama ndani. Hakuingiza kidole. Aliachia, kikarudi kwa kishindo, na yeye macho bado ameyafumba, midomo ikisali sala nzima mpaka mwisho, akanyoosha tena mikono mbele na kubonyeza.

Ta!

Basi. Mlio mdogo wa chuma. Mama Vifungo aliachia pumzi aliyoibana, akafumbua macho.

Mbele yake, upande wa pili wa meza, mtutu ukiwa unamtazama kifuani, alikuwa ameketi Fundi. Shati limelowa mabegani. Mvua ilimfukuza barazani, na kelele za bati zilimeza nyayo zake. Alikuwa amejiendea kwenye kiti chake kama kawaida, vidole tayari viko siniani.

Mama Vifungo aliiinamisha bastola haraka, ikagonga meza.

"Nini hicho kimelia?" Fundi aliuliza kwa sauti ya juu kuishinda mvua.

"Hamna. Ndiyo... ndiyo inavyofunguliwa."

"Barazani hakukaliki. Endelea na kazi yako, mimi simo."

Aliendelea, afanye nini? Dawa ikamwagika gazetini. Haikuwa na kitu, alijiambia. Haikuwa na kitu, imelia ta, basi, wangapi wanatishwa na kivuli. Alisugua mtutu kwa brashi, akapitisha fanela ikatoka nyeusi, akapitisha nyingine ikatoka ya kijivu, mpaka ikatoka nyeupe. Kazi yenyewe ilimtuliza, maana usafi aliuelewa. Alifuta alama zake za vidole, moja moja, akatia matone ya mafuta. Mvua ilipoanza kupungua, chuma kilikuwa kinang'aa na Mama Vifungo alikuwa karibu kutabasamu.

"Unanuka kama gereji," alisema Fundi.

"Nimemaliza. Na wala haikuwa na lolote, Fundi. Yule mama wa dukani kanitisha bure na habari zake za vuta, tazama. Siku nyingine sitahangaika."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimesimama. Alikuwa ameshika kitu kutoka kwenye sinia, anakigeuza, anakipapasa juu, anakipapasa chini, paji la uso limekunjamana kama siku wateja walipomletea vifungo vigeni ili wamjaribu.

"Mwanafunzi wangu," alisema polepole. "Hiki hakina matundu."

Mama Vifungo aliinua kichwa.

"Wala kikonyo hakina. Ni kizito. Kimechongoka upande mmoja." Alikinyoosha kwenye kiganja, katikati ya vifungo viwili vyeupe vya shati. "Ni kifungo cha nguo gani hiki?"

Shaba ilimeremeta. Mama Vifungo aliona yote kwa mara moja: paka juu ya bati, risasi iliyopanda na kubaki, yeye akivuta macho yakiwa yamefumbwa, kitu kikiruka juu ya meza na kuangukia vifungoni bila kusikika. Akaona pia lile ambalo lingekuwa, kama asingekuwa na haya ya kumdanganya mwanamke asiyemjua. Akashikilia ukingo wa meza.

Kimya kile kilimtosha Fundi. Alikifunga kiganja chake juu ya ile risasi.

"Bobini uliitoa?"

"Niliitoa," alinong'ona. "Iko chini ya mto."

"Na sindano?"

Mama Vifungo alitazama kovu la kidole chake, kile kile kilichobonyeza. Machozi yalianza kumtoka, naye akayazuia yasiwe na sauti, kana kwamba inawezekana kulia mbele ya kipofu asijue.

"Ile ta," alisema Fundi. "Ulikuwa umeielekeza wapi?"

Katika miaka yote ya upofu wa Fundi, Mama Vifungo hakuwa amemdanganya hata mara moja, si rangi ya uzi, si sura ya mteja. Mvua ilikuwa imekatika, nyumba imetulia kabisa.

"Ukutani," alisema.

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wake uliolowa mafuta, akaufungua vidole, akaiweka ile risasi ndani. Ilikuwa na joto la kiganja chake.

"Ukuta gani huo, mke wangu," aliuliza, na sasa sauti yake nayo ilitetemeka, "unaochambua vifungo?"